Zamu ya Banda la Pomeroy

Tangazo lilibandikwa kwenye dirisha la duka la nyama la Marradoon siku ya Jumatano, wiki ya kwanza ya Februari. Lilisema klabu yetu itakuwa na timu ya wanawake, na mechi ya kwanza itachezwa Jumapili ya pili ya Aprili, uwanja wa nyumbani, saa nane mchana, dhidi ya Yarrin. Kufika Ijumaa, mtu alikuwa ameshaandika chini yake kwa kalamu: "Namba tisa ni Narelle." Narelle mwenyewe hakuwa ameulizwa.

Narelle Pomeroy alikuwa na miaka thelathini na minane. Aliishi na baba yake, mzee Merv, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kilomita sita kutoka mjini. Ng'ombe walikuwa mia moja na arobaini. Banda lilikuwa la kizamani, linaloingiza ng'ombe wanane kwa mara moja, na mkamuaji alikuwa mmoja, Narelle. Alianza saa kumi na nusu alfajiri, akaanza tena saa tisa alasiri, Krismasi na siku za homa zikiwemo. Mama yake alifariki Narelle akiwa na miaka ishirini na miwili. Kaka yake alikwenda kwenye machimbo ya chuma huko magharibi, akawa anapiga simu siku za kuzaliwa. Halafu nyonga ya mzee ikaharibika, akabaki kutembea kwa fimbo na kutoa maelekezo.

Mimi nilifika pale mara moja kwa mwezi kupima maziwa ya kila ng'ombe na kuyaandika, na siku za mechi nilikuwa mwandishi wa magoli wa klabu. Kwa hiyo haya mengi niliyaona. Mengine nilisimuliwa na wenyewe.

Suala la namba tisa lilianza zamani, tulipokuwa shule ya msingi mimi na yeye. Wakati ule msichana aliyetaka kucheza mpira wetu, huu wenye umbo la yai, aliruhusiwa kucheza na wavulana mpaka atimize miaka kumi na miwili. Narelle alicheza, akivaa namba tisa. Katika mechi yake ya mwisho alifunga magoli saba dhidi ya wavulana wa Yarrin, manne kwa mguu wa kulia na matatu kwa wa kushoto, na magari yote yaliyoegeshwa kuzunguka uwanja yakapiga honi mpaka mzee mmoja akaishiwa betri. Wiki iliyofuata barua ya chama cha wilaya ilisomwa kwenye chumba cha klabu, kwamba huyu mtoto sasa basi. Aliyeisoma alikuwa katibu wa klabu, naye ni Merv Pomeroy, baba yake.

Tangu siku hiyo watu wa Marradoon walimtunza Narelle kama hadithi yao. Kila timu ya wanaume ilipofungwa, mtu alisema pale penye uzio, "Mngemwachia Narelle." Naye, akiwa ameegemea pikapu yake kabla ya kurudi kukamua, alijibu, "Wangeniruhusu tu." Alilisema neno hilo miaka ishirini na sita, na watu wakamsikia.

Sasa walikuwa wamemruhusu.

Dot Anstey, mwenye miaka sabini na mitatu, ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote. Dot aliuza mkate wa nyama kwenye kibanda cha klabu tangu kabla hatujazaliwa, na gari lake lilikuwa na nafasi yake nyuma ya nguzo za goli za kaskazini, nafasi ambayo marehemu mume wake aliirithi kwa baba yake. Alikwenda mwenyewe mji mkubwa kununua kitambaa, akashona namba tisa nyeupe kwenye jezi nyekundu kabla hata jezi rasmi hazijaletwa.

"Nimekushonea kubwa kidogo," alimwambia Narelle kwenye kibanda, watu wakisikia. "Mabega yako si ya mtoto tena."

"Dot, mimi sijajiandikisha bado."

"Najua. Una haya. Hata ulipokuwa mdogo ulikuwa na haya mpaka mpira ukufikie."

"Sio haya. Saa tisa nina ng'ombe."

"Ng'ombe tena," akasema Trevor Lisle, mwenyekiti wetu, mwuza mbolea, akipaka mkate wake sosi ya nyanya. "Wewe ukifa, ng'ombe watasoma risala. Wenzako kumi na tisa wamejiandikisha. Kinyozi amejiandikisha. Yule mwalimu mwenye miwani amejiandikisha, na hajui upande gani wa mpira ni wa mbele."

"Hauna upande wa mbele, Trevor."

"Unaona? Unajua. Tunakuhitaji."

Watu wakacheka, na Narelle akacheka nao, akalipa, akatoka. Baada ya hapo alianza kuja mjini saa saba mchana, wakati maduka yana watu wachache. Hata hivyo walimpata. Mwuza petroli alimwuliza kama goti lake liko imara. Mama wa posta alimpa bahasha zake akasema, "Tisa huyo." Mwoka mikate alitengeneza keki za rangi nyekundu na nyeupe, na moja ilikuwa na namba. Nilimwona siku hiyo amesimama mbele ya kabati la vioo akiitazama ile keki, uso wake kama wa mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya mahakama.

Mtu asidhani kwamba hakutaka. Mwezi huo nilifika shambani mapema kufunga chupa zangu za kupimia, jua halijachomoza vizuri, nikamkuta nyuma ya banda na mpira mzee uliochubuka. Alikuwa akiupiga katikati ya miti miwili ya mikaratusi, anaukimbilia, anarudi, anapiga kwa mguu mwingine. Hakuniona. Nilihesabu mipigo kumi na mitano, na kumi na miwili ilipita kati. Aliponiona aliubwaga mpira ndani ya ndoo ya kulishia ndama kama mtu aliyefumwa na kitu cha wizi.

"Usiandike hiyo," alisema.

"Sijaandika."

"Kama ningekuwa siutaki ingekuwa rahisi. Ningewaambia hapana, yakaisha."

"Waambie ndiyo basi."

Akanionyesha banda kwa kidevu. Lori la maziwa lilipita kwake saa kumi na mbili jioni, mara tatu kwa wiki, Jumapili ikiwemo. Maziwa lazima yawe yameingia tangini na kupoa. Mtu mmoja akianza saa tisa anamaliza saa kumi na moja na robo, akikimbia. Mechi ya saa nane inakwisha karibu saa kumi. Hesabu hiyo aliifanya kila siku, na kila siku ilitoa jibu lile lile.

Mwishoni mwa Februari alijiandikisha. Alifanya hivyo kwa sababu Dot alimletea fomu mpaka getini na kalamu akaishika Dot mwenyewe. Siku za mazoezi, Jumanne na Alhamisi, alianza kukamua saa nane ili awahi. Ng'ombe walikataa kuja. Mzee Merv alisimama barazani akitazama.

"Wale wanajua saa kuliko wewe," alimwambia.

"Wiki mbili watazoea, baba."

"Maziwa yatapungua."

"Yatapungua kidogo."

"Nimesema tu," akajibu mzee, akaingia ndani.

Ndipo Trevor alipopata wazo. Kwenye ubao wa chumba cha klabu, pale penye orodha za kufua jezi na kukata machungwa, alibandika karatasi mpya: ZAMU YA BANDA LA POMEROY, JUMAPILI. Kufika usiku ilikuwa imejaa. Nusu ya majina yalikuwa ya watu waliokulia kwenye maziwa. Nusu nyingine ilikuwa ya watu ambao chuchu ya ng'ombe hawajawahi kuigusa. Wote walifurahi. Kwetu, ukipewa zamu umepewa sehemu ya timu, na timu hii kila mtu alitaka sehemu yake. Narelle aliisoma ile karatasi mbele ya watu thelathini waliokuwa wakimtazama usoni.

"Sasa huna kisingizio," alisema Trevor, akampiga begani.

"Sina," alisema Narelle.

Njiani aliniambia kwamba angalau zamani, mlango ulipokuwa umefungwa, alijua ni wengine walioufunga.

Mechi ya majaribio ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Machi, kwenye uwanja wa jirani. Asubuhi ile Narelle alimwonyesha Trevor kila kitu: mashine, vikombe vya kuvalisha chuchu, bomba la tangi. Kisha akamwonyesha ng'ombe wawili waliofungwa utepe mwekundu kwenye mguu wa nyuma, akaandika namba zao ubaoni: kumi na saba na themanini na tatu.

"Hawa wamechomwa dawa ya kiwele juzi. Maziwa yao unayakamulia kwenye ndoo, unamwaga. Yakiingia tangini hata ya mmoja, tangi zima limekwenda."

"Narelle, mimi nimezaliwa bandani. Nyekundu ni ndoo. Nenda ukacheze."

Alicheza. Robo ya kwanza kati ya nne alikuwa mzito, anaangalia saa ya uwanjani kuliko mpira. Robo ya pili aliruka juu ya mabeki wawili akaudaka, akafunga, na kuanzia hapo alikuwa yule mtoto niliyemjua. Niliandika magoli matatu. Tulirudi naye kwenye pikapu yake, matope mpaka shingoni, na njia nzima alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia, kuhusu upepo, kuhusu yule mwalimu mwenye miwani aliyemrushia pasi nzuri bila kujua. Tuliingia shambani saa kumi na moja kasoro dakika tano.

Kukamua kulikuwa kumekwisha. Watu sita wa zamu walikuwa wamesimama uani wakiwa na chai na keki, na ng'ombe wa mwisho walikuwa wakitoka getini. Kila ng'ombe alikuwa na utepe mwekundu mguuni.

Narelle alizima gari lakini hakushuka.

Dot ndiye aliyekuja dirishani, anang'aa. Alikuwa amechukua mabaki ya utepe waliotumia kutengenezea lile bango la karatasi ambalo timu hulipasua ikiingia uwanjani, akapita nyuma ya foleni ya ng'ombe na kuwafunga mmoja mmoja, ili wapigwe picha ya klabu. "Tumekupambia wote," alisema. "Mashabiki mia moja na arobaini."

"Themanini na tatu yuko wapi?" Narelle aliuliza. "Na kumi na saba?"

Trevor alikuja, kikombe mkononi. Nilimwona anavyoanza kuelewa. Alieleza polepole. Ng'ombe wa kwanza mwenye utepe alipoingia, alimkamulia kwenye ndoo. Wa pili vilevile. Wa tatu alipoingia na utepe, akamwita Dot aliyekuwa nyuma kwenye foleni: hizi nyekundu ni zako? Dot akajibu, zote zangu. Basi akaendelea kukamulia wote tangini.

"Namba zao masikioni," alisema Narelle. "Nilikuandikia namba kwenye ubao."

"Nilikuwa natazama miguu, Narelle. Ulisema miguu."

"Nilisema."

Dot alikuwa bado anatabasamu kwa sababu alikuwa hajaelewa. Alimtazama Trevor, akanitazama mimi, tabasamu likaondoka. Trevor akasema kwa sauti ya chini kwamba wawili kati ya mia na arobaini ni kitu kidogo, pengine kule kiwandani kipimo kisionyeshe.

"Kitaonyesha," alisema Narelle. "Na kisipoonyesha, kuna mtoto atakayekunywa."

Alishuka, akapita katikati yao akiwa na kaptura na viatu vya mpira, akaingia chumba cha tangi, akafungua koki ya chini. Maziwa ya siku mbili yalitoka yakielekea mtaroni. Hakuna aliyeondoka. Tulisimama tukiyasikiliza, yalichukua muda mrefu. Mzee Merv alikuwa ametoka mpaka mlangoni kwa fimbo yake. Alitazama mtaro, akatazama jezi ya binti yake.

"Ndiyo maana," alisema.

"Ndiyo maana nini, baba?"

Mzee aligeuza fimbo, akarudi ndani. Watu wakaanza kutafuta funguo za magari yao.

Narelle aliniambia baadaye kilichofuata walipobaki wawili mezani. Alimwuliza mzee jambo ambalo hakuwahi kumwuliza: ile barua, kwa nini aliisoma yeye? Mzee alisema kanuni ilikuwa kanuni, na katibu ndiye msomaji wa barua.

"Ungempa mtu mwingine."

"Nilifikiri ikitoka kwangu isingeuma kama ikitoka kwa mwingine. Nilifikiri ni afadhali ukasikia kwangu."

"Nilisikia kwako mbele ya watu arobaini."

"Ndiyo," alisema mzee. "Hilo sikulifikiria." Kisha akaomba chumvi.

Jumatatu Narelle alimpigia Trevor simu kwamba hachezi. Nilidhani yameishia hapo. Lakini kuanzia Jumanne magari yalianza kusimama getini. Walimwachia sufuria za nyama ya kuoka, keki, bakuli za supu, juu ya pipa la kupokelea barua, kama nyumba yenye msiba. Karatasi zilizofungwa kwenye vyombo zilisema pole, na chini ya pole zilisema tafadhali cheza. Trevor alikuja mwenyewe.

"Dot hatoki nyumbani," alisema. "Kibanda kimefungwa Jumamosi, mara ya kwanza kabisa. Anasema amekuua. Usipocheza, atakufa anajua ni yeye."

"Kwa hiyo nicheze kwa ajili ya Dot."

"Kwa ajili ya wote, dada. Hatuwezi kukaa pale penye uzio tukijua tulikuharibia."

"Na mimi nikicheza, nani anakamua?"

Trevor alivua kofia, akaitazama ndani. "Mimi peke yangu. Hakuna Dot, hakuna utepe."

"Hapana. Hakuna mtu tena kwenye banda langu."

"Sasa unataka tufanyeje?"

"Sijui, Trevor. Na nyinyi hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hivyo."

Kesho yake alikwenda kwa Dot. Sikuwepo. Ninachojua ni kwamba Dot alilia, kwamba Narelle ndiye aliyembembeleza, na kwamba alirudi na ile jezi yenye namba tisa kwenye mfuko wa plastiki. Alisema hakuona namna ya kutoka kwenye nyumba ile bila kuichukua.

Alhamisi kabla ya mechi, baada ya mazoezi, kocha wetu Tess alisoma majina ya kikosi. Chumba kilijaa watu ambao hawakuwa na kazi pale ila kusikia jina moja. Aliposoma tisa, Pomeroy, wakaanza kupiga makofi, na Narelle akainua mkono.

"Nitacheza robo mbili," alisema. "King'ora cha mapumziko kikilia, naondoka kwenda kukamua. Usiniandike kama unataka mtu wa robo nne."

"Narelle, mapumziko ni saa tisa kasorobo," alisema Trevor. "Ndipo mechi inapoanza kunoga."

"Najua ni saa ngapi."

Tess, ambaye alikuwa na miaka ishirini na sita na hakukulia kwetu, aliandika kitu kwenye karatasi yake. "Basi utaanza mbele," alisema, "na nitataka robo mbili zote, bila kuangalia saa." Akaendelea kusoma namba kumi.

Magari ya kwanza yaliegeshwa kwenye uzio Jumamosi jioni ili kushika nafasi. Jumapili yalikuwa safu tatu, na waliokosa nafasi walikaa juu ya mapaa ya vyoo. Dot alifungua kibanda. Nilikaa kwenye chumba cha waandishi na mwenzangu wa Yarrin, na nikaandika: Pomeroy, goli, robo ya kwanza, dakika ya sita. Pomeroy, goli, robo ya pili, dakika ya kumi na nne. Kati ya hayo alilikosa moja rahisi, mpira ukagonga nguzo, na mtu akamtania kutoka kwenye gari kwamba miaka ishirini na sita imemlegeza. Alimwonyesha kidole akacheka. King'ora kilipolia tulikuwa mbele kwa pointi tano, na goli moja kwetu ni pointi sita. Wenzake walikwenda kwenye machungwa yao. Yeye alitembea kuelekea getini, akavua viatu vya meno, akavirusha ndani ya pikapu, akaendesha na soksi. Watu wengi walisimama kumwangalia. Makofi yalikuwa machache, na ya wale waliopiga yalikwisha upesi.

Tulishinda kwa goli moja. Niliandika robo ya tatu na ya nne bila jina lake.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya kupima pale. Alinisimulia huku akiweka vikombe, bila kugeuka. Alipofika shambani saa tisa na dakika nne, ng'ombe walikuwa tayari uani, na wanane wa kwanza walikuwa ndani. Mzee alikuwa amekwenda malishoni kuwaleta, kwa nyonga ile, akatumia saa nzima. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kijivu usoni.

"Umechelewa dakika nne," alimwambia.

"Magari yalikuwa mengi."

"Mangapi?"

"Safu tatu."

"Magoli."

"Mawili. Moja nilikosa."

"La mguu gani?"

"Wa kushoto."

Akakubali kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari ya jamaa wa mbali. Walikamua pamoja, yeye akifungua na kufunga geti kwa fimbo. Walipofika karibu na mwisho alimwuliza Jumapili inayofuata wanacheza wapi.

"Kule Yarrin, marudiano," alisema Narelle.

Yarrin ni saa nzima kwa gari, kwenda tu; hata akiondoka mapumziko, lori lingefika maziwa hayajapoa. Mzee aliinuka, akaenda kufungua geti la ng'ombe wa mwisho. Narelle aliishia hapo kunisimulia. Nilimsomea namba ya ng'ombe aliyekuwa mbele yetu, akaweka vikombe, nikaandika.